Redio Haijawahi Kuwapigia Wakamba Kura

Mhubiri mmoja alisimama kwenye mazishi karibu na mji wa Wote, Makueni, akawaambia waombolezaji kwamba redio za Kikamba zimewageuza kasuku: mtangazaji akitamka, kijiji kizima kinaitikia. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hilo ndilo la kuudhi, kwa sababu wengi wao walipiga kura mwaka 2013.

Mwaka huo chama cha Wiper cha Kalonzo Musyoka kilivuma Ukambani kote, hewani, sokoni na ndani ya matatu. Makueni ikasikiliza, kisha ikamchagua Kivutha Kibwana kuwa gavana kwa tiketi ya Muungano, chama kidogo tu. Mwaka 2017 Kitui ikamwondoa Julius Malombe wa Wiper na kumweka Charity Ngilu wa Narc. Mwaka 2022 Malombe akarudi. Kasuku gani huyo anayebadili wimbo uchaguzi hadi uchaguzi, mara nyingine kinyume cha anayemfundisha?

Wanaomtetea mhubiri hudai kwamba redio ndiyo iliyowatoa vijana kanisani. Hoja hiyo haisimami hata kwa mguu mmoja. Redio hizo hizo hujaza Jumapili kwa nyimbo za injili na mahubiri. Kama kila neno la hewani huzama moyoni mwa msikilizaji, makanisa ya Kitui yangefurika vijana.

Anayesikiliza hupima. Mwenye shamba Mutomo akiambiwa mvua imekaribia, hutazama mawingu kabla ya kutoa mbegu ya ndengu. Akiambiwa barabara imejengwa, anaijua, ameipita asubuhi. Ndiyo maana hupiga simu studio kumkatiza diwani katikati ya ahadi.

Lawama, kama lazima zitolewe, ziende Nairobi. Kamera za kitaifa huikumbuka Kitui kwa njaa, au kwa maafa kama yale ya Desemba 2021, basi la wanakwaya liliposombwa na mto Enziu na zaidi ya watu 30 wakafa. Wiki zinazofuata, kimya.

Kimya hicho akina mama wa Nthongoni, Makueni, hawakukubali kuishi nacho. Kupitia vikundi vyao walianzisha Mang'elete FM, ikaingia hewani mwaka 2004, redio ya kuzungumzia mifugo yao, mvua yao na afya ya watoto wao. Watu walioijenga redio kwa mikono yao leo wanaambiwa, mbele ya jeneza, kwamba redio ndiyo inayofikiri kwa niaba yao.