Bosi Akishaondoka

Safu ya KAZINI, na Neema Mushi

Tarehe 6 Novemba 2015, siku moja baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alitoka Ikulu kwa miguu hadi Wizara ya Fedha, akakuta viti vingi havina watu. Nchi nzima ilizungumzia viti vile. Naamini ziara ile ilihitajika. Lakini hofu ya kukutwa humweka mtumishi kitini tu. Haimfanyi amsikilize mwananchi aliyesimama dirishani.

Kiongozi mmoja aliyepita njia nyingine ni Paul O'Neill. Alipokabidhiwa Alcoa, kampuni kubwa ya aluminiamu ya Marekani, mwaka 1987, wawekezaji walitaka kusikia habari za faida. Yeye akawaambia jambo lake la kwanza ni usalama wa wafanyakazi. Miezi michache baadaye kijana mmoja akafa kiwandani Arizona, akihangaika na mashine iliyokwama. O'Neill akawaita mameneja, akawaambia damu ile iko mikononi mwao wote, kuanzia kwake yeye.

Maneno mazito kama hayo hata sisi tunayatoa msibani, kisha Jumatatu kazi inaendelea vilevile. O'Neill alikuwa na utaratibu: mtu akiumia, mkuu wa kitengo amletee taarifa ndani ya saa 24, pamoja na mpango wa kuzuia ajali nyingine. Mkuu hawezi kuwahi saa hizo kama msimamizi hamwambii upesi, na msimamizi hajui kitu kama fundi anaogopa kufungua mdomo. Ikabidi fundi asikilizwe, na akishazoea kusikilizwa kuhusu usalama, husema pia mashine gani inaharibu mali.

Mtihani wenyewe ulikuja 1996. Wafanyakazi wa kiwanda kimoja Mexico walidhuriwa na gesi yenye sumu, na mkuu aliyehusika, mtu wa miaka mingi na mwenye kuingiza faida, hakufikisha taarifa ipasavyo. Akafukuzwa. Kuanzia hapo, nani angedhani usalama ni kaulimbiu ya ukutani? O'Neill alipoondoka mwishoni mwa 2000, majeraha ya kumfanya mtu akose siku za kazi yalikuwa yameshuka kutoka 1.86 kwa kila wafanyakazi 100 kwa mwaka hadi takriban 0.2.

Kwetu, baada ya ajali au kashfa huundwa kamati, huchapwa fulana. Mkurugenzi anayetaka ofisi ibadilike kweli aanze na yule meneja anayeleta fedha nyingi huku akiwatukana walio chini yake. Wafanyakazi wote wanamjua, na wanasubiri waone atafanywa nini.