Promota analia, kaunta inacheka

Saa nane usiku ukumbi bado umefurika. Bendi inashusha sebene, mashabiki wanaserebuka, na wahudumu wa kaunta hawana hata muda wa kupumua. Pita mlangoni sasa. Utamkuta promota ameinamia daftari, anahesabu hasara.

Chukua mfano mdogo tu. Kiingilio Sh10,000, waliolipa 300, hiyo ni Sh3 milioni. Bendi inadai chake, licha ya kishika uchumba ilichokwishachukua. Kuna kodi ya ukumbi, vyombo vya kukodi, dizeli ya jenereta, mabaunsa, matangazo ya redioni na vibali. Bado kuna washkaji wanaopita bure kwa sababu wanamjua mpiga besi. Mvua ikinyesha jioni, ndo basi tena.

Mwenye ukumbi hana presha. Kodi yake kaishika mapema, na kila chupa inayofunguliwa ni yake. Watu wamefuata muziki, lakini kiu yao inamnufaisha mwingine.

Zamani haikuwa hivi. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo, ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Sikinde ilipochukuliwa na DDC mwaka 1983, iliingia kwa shirika lenye kumbi na baa zake. Fedha ya mlangoni na ya kaunta ilikwenda mfuko mmoja. Mlango ukiyumba, bia ilibeba.

Leo mifuko ni miwili. Tena baa nyingi zimeibuka na 'kiingilio bure, kinywaji chako'. Shabiki anafurahi, ila bendi inalipwa kiduchu, na promota wa mtaa wa pili anakosa wa kumuuzia tiketi.

Wanaomshauri apandishe kiingilio wanampoteza. Shabiki akikamuliwa mlangoni, ndani atakunywa soda moja, au atabaki nyumbani kabisa.

Dawa ni kugawana kaunta. Kodi ya ukumbi ipungue, promota apate asilimia ya mauzo ya usiku huo, na makubaliano yasainiwe kabla bango halijabandikwa.

Mwenye ukumbi atanuna. Lakini ajiulize: Ijumaa isiyo na bendi huwa anauza kreti ngapi? Siku mapromota wakifilisika wote, Ijumaa zake zote zitakuwa hivyo.