Ramli ya mganga tunailipia, ya fundi hatutaki

Gari langu lilianza kuchoka Oktoba, wakati watu wanasubiri mvua za vuli na mimi sina nafasi ya kuchoka nalo. Ni Hilux Surf ya dizeli, injini ya lita 3 yenye turbo, na ilishapita mikono miwili kabla ya kunifikia. Naitumia kuleta mbegu, mbolea na mabomba ya kupulizia dawa kutoka Korogwe hadi dukani kwangu Mazingara, Handeni. Siku hiyo tulipakia mifuko minane ya mbolea. Tulipoanza kupanda mlima, kijana wa kaka yangu alikanyaga mafuta mpaka chini. Gari likanguruma, likatapika moshi mweusi, lakini haliendi. Gia ya nne ikawa ya tatu, ya tatu ikawa ya pili. Fuso lililojaa mahindi likatupigia honi na kutupita. Anayesafiri barabara ile anajua aibu ya kupitwa mlimani na Fuso lenye mzigo.

Fundi wa kwanza hakuniuliza kitu. Alimwuliza kijana, mimi nimesimama pale pale na funguo mkononi. Akafungua boneti, akaagiza gari lipigwe resi, akainamisha kichwa kama anayesikiliza taarifa ya habari, kisha akatoa hukumu: nozeli. Zikafunguliwa, zikaenda kupimwa, mbili zikabadilishwa. Laki tatu na nusu. Gari likarudi barabarani vile vile. Fundi wa pili akasema hita plagi, akafunga nne mpya. Nilikuja kujua baadaye, nimeshalipa, kwamba hita plagi kazi yake ni kuisaidia injini kuwaka ikiwa ya baridi. Injini ya dizeli haina cheche. Wazo la Rudolf Diesel lilikuwa kuibana hewa mpaka ipate moto wa kutosha kuyawasha mafuta yenyewe, na ikishawaka plagi zile zinapumzika. Kumbadilishia plagi mtu anayelalamika kuwa gari halipandi mlima ni kama kumpa kiberiti anayelalamika kuwa wali haujaiva, na jiko linawaka.

Wa tatu akasema pampu. Pampu iliyotumika, milioni moja na laki mbili. Hapo nikasema hapana.

Katikati ya safari hiyo ya mafundi, kila aliyenitazama nikitoka jasho kando ya barabara alikuwa na jibu lake moja: mafuta yamechakachuliwa. Sikuwacheka. Kuchakachua ni neno ambalo taifa zima lililishika kwa sababu ya mafuta kabla hatujalipeleka kwenye kura na mapenzi. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, dizeli kodi kubwa, na mwenye roho ya biashara akaona pengo. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, ili mchanganyaji asipate tena faida. Bibi zetu wenye vibatari ndio waliolipia dawa hiyo. Ubaya wa mafuta ya taa kwa pampu ni kwamba hayalainishi vizuri, na pampu nyingi za dizeli zinalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake. Huku kwetu, ukiacha barabara kuu, dizeli ya mashine ya kusaga na ya trekta unaikuta kwenye dumu, na dumu halisemi lilibeba nini jana. Kwa hiyo nilibadilisha filta ya dizeli, nikamwaga maji yaliyotuama chini yake, nikajaza tangi kituo kikubwa. Mlima ukabaki mlima.

Aliyelipatia gari dawa ni kijana wa Mkata anayefanyia kazi chini ya mwembe, hana hata kibao. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza mimi, na maswali yake hayakuwa na haraka. Lilianza ghafla au kidogo kidogo? Linakosa nguvu likiwa limepoa, au likipata moto? Tangi likiwa nusu je, au hata likijaa? Tambarare linafika ngapi? Moshi ni mweusi, mweupe au wa bluu?

Nilimwuliza kwa nini anataka kujua rangi. Akasema, "Mama, moshi ndio unasema, mimi nasikiliza tu." Mweusi maana yake dizeli imezidi hewa. Mweupe, injini ikishapata moto, ni mafuta yanayotoka bila kuungua, au maji. Bluu ni oili. Kama nguvu zingepotea polepole kwa miezi angeanza na hava klina au filta. Kama zingepotea tangi likipungua, angewazia chujio la ndani ya tangi. Kwangu zilipotea siku moja, moshi mweusi, tambarare tupu linakwenda bila shida. Akalizungusha kidogo kijijini, akashuka na kugusa rimu moja moja kwa kiganja, kuona kama kuna breki iliyokamata. Rimu zilikuwa na joto sawa. Akamwambia kijana wa kaka yangu abonyeze pedeli mpaka mwisho huku yeye akitazama kwenye injini kama mkono wa mafuta unafunguka wote. Unafunguka.

Kisha akasema maneno ambayo mafundi watatu hawakuyasema: "Pakieni mzigo, mama, twende kilimani."

Turbo haipulizi kwa nguvu gari likiwa limesimama. Unaweza kupiga resi gereji mpaka majirani wakasirike, na bado presha ya hewa ni ndogo, kwa sababu injini haijabeba kitu. Presha inapanda injini ikielemewa. Ndiyo maana sikio la fundi wa kwanza halikuweza kusikia chochote hata kama lilikuwa sikio zuri. Kilimani, mzigo ukiwa nyuma, tulisikia mlio kama wa mtu anayepuliza chai ya moto. Aliporudi chini ya mwembe akapitisha mkono chini ya bomba la mpira linalotoa hewa kwenye turbo, upande usioonekana kwa juu, na mkono ukatoka na tope jekundu. Turbo hupitisha ukungu wa oili kidogo. Mpira ulikuwa umepasuka urefu wa kidole, ukungu unatokea hapo, na vumbi letu la Mazingara linaganda hapo hapo na si kwingine. Gari limesimama, ufa unajifunga. Likibeba, unafunguka kama mdomo. Kilo moja ya dizeli inahitaji hewa kama kilo 14 na nusu iungue vizuri. Mimi nilikuwa nimeinunulia nozeli mpya injini iliyonyimwa pumzi.

Mpira na klipu mbili, elfu thelathini na tano. Nikamwuliza kazi yake. Akasema elfu kumi, "ya kufunga". Ile saa moja na nusu ya kuuliza, kugusa, kupanda na kushuka kilima hakuitaja. Kwake haikuwa kazi.

Hapo ndipo ninapotaka kugombana na wenzangu wenye magari. Tunawalaani mafundi wabahatishaji, lakini bei tunayowalipa ndiyo inayowafundisha kubahatisha. Fundi analipwa akifungua, akifunga, na akipata chochote kwenye spea. Akitafuta, halipwi. Nani basi atatafuta? Na mimi simo katika watakatifu. Siku ile fundi wa kwanza aliposema "nozeli" nilifurahi, kwa sababu nilipata jina la kitu ninachoweza kukinunua.

Handeni yetu inatajwa zaidi kwa waganga kuliko kwa mafundi, basi nitumie mfano wa nyumbani. Mganga akipiga ramli, unatoa hela ya ramli kwanza, dawa ina bei yake baadaye, na hakuna anayesimama kusema ramli iwe bure kwa sababu mizizi ni ghali. Hospitali unalipia kumwona daktari kabla ya kidonge. Hata kwenye magari tunalipa bila ubishi gari linapochomekwa kompyuta, maana tumeona waya na kioo. Kompyuta yenyewe inataja saketi yenye malalamiko, haitaji kilichoharibika, na mpira uliopasuka upande wa chini huenda isiuone kabisa. Tunalilipa sanduku, kichwa tunakinyima.

Najua jibu mtakalonipa: atachukua hela ya kutazama, halafu abahatishe vile vile. Wapo. Ndiyo maana hela ya kutafuta iende na neno moja, nionyeshe. Nozeli mbovu ipimwe nikiona inavyomwaga. Breki iliyokamata niiguse rimu yake. Yule kijana alinionyesha tope kwenye vidole kabla hajataja spea. Asiyeweza kuonyesha aseme bado sijapata, na kwa saa aliyotumia alipwe pia, maana kuambiwa ukweli huo kungeniokoa laki tatu na nusu.

Sasa mimi na fundi wangu wa mwembeni tumepatana. Elfu ishirini mkononi kabla boneti haijafunguliwa, na haihusiani na kitakachonunuliwa. Mwezi uliopita nilimpelekea gari nikidhani limeanza tena uzito. Alilizunguka karibu saa nzima, akapanda nalo kilima, akarudi akifuta mikono. Halina kitu, akasema, mlipakia mifuko kumi na miwili.

Kijana wa kaka yangu alinung'unika njia nzima. "Shangazi, elfu ishirini, kuambiwa gari ni zima?"

"Ndiyo. Na wewe kesho unapakia nane."