Msiusingizie Mkuki

Mahubiri yaliyotolewa Katindiuka, katika bonde la Kilombero, hivi karibuni yamerudia ile kauli isiyochoka: babu zetu walipigwa na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905 kwa kuwa walikuwa washamba waliorusha vijiti mbele ya wenye bunduki. Kauli hii ina utamu wake, maana humfanya msemaji ajione mstaarabu bila kufungua kitabu. Angefungua kimoja tu angewakuta askari wa Roma ya karne za mwisho, jeshi lenye mishahara, maghala na makarani, nao bado wanarusha. Mwandishi wa Kirumi Vegetius ameandika kwamba vikosi viwili vya Illyricum, kila kimoja cha watu 6,000, vilisifika kwa vishale vyenye bonge la madini ya risasi. Kila askari alichomeka vitano ndani ya ngao yake, na makaisari Diocletian na Maximian wakavipa vikosi hivyo majina ya heshima. Hao nao washamba?

Silaha ya kurusha ina hesabu moja tu, nayo ni umbali. Wahehe waliijua. Mpiganaji wa Mkwawa, mtawala wao, alibeba ngao, mikuki kadhaa myepesi ya kurusha, na mmoja mzito, wenye bapa pana, wa kumalizia kazi ana kwa ana. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo walijilaza vichakani na nyuma ya mawe mpaka msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, uliojinyoosha kwenye njia nyembamba, ukawafikia. Mizinga ilikuwa migongoni mwa punda. Askari wengi hawakuwahi kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili. Zelewski akauawa, na bunduki kwa mamia zikatwaliwa. Baadaye Mkwawa alijifungia ndani ya kuta za mawe za ngome yake ya Kalenga, mizinga ikapata shabaha isiyokimbia, na ngome ikaanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Aliporudi porini, mikuki ile ile iliwasumbua Wajerumani hadi 1898.

Mtaniambia: na Mahenge? Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliliendea boma la Wajerumani pale mchana kweupe, mbele ya bunduki za rashasha, wakiamini kwamba maji ya dawa yangewakinga na risasi. Waliipa bunduki umbali wote iliouhitaji. Wengine huuliza kama mkuki ulifaa, mbona leo hakuna jeshi linaloubeba. Swali zuri sana. Na bunduki za Zelewski, leo zinabebwa na jeshi gani?

Tena bonde hili la Kilombero lina ushahidi ambao wahubiri wetu huuruka. Kiwanga, mtawala wa Wabena, alisimama upande wa Wajerumani katika vita hivyo vya Maji Maji, na wapiganaji wake walikwenda na mikuki yao. Serikali yenye rashasha iliwahitaji, ikawachukua, wala haikuwaambia kwanza waache ushamba.