Mtoto Huyu si Mvivu

Ndugu zetu wavuvi wa Mbegani wanafahamu kwamba kijana aweza kuujua mkondo wa maji na kuushona wavu wa baba yake barabara, na huku darasani sentensi moja ubaoni ikamshinda. Tena mlango wa chuo cha uvuvi kilichopo hapo hapo Mbegani hufunguliwa kwa cheti cha shule. Kijana huyo hubaki nje, na taifa hupoteza mtu.

Hali hiyo huitwa disleksia, nayo si mpya. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana mwerevu wa miaka 14 ambaye kusoma kulimshinda, ijapokuwa alifundishwa kwa miaka mingi. Leo wataalamu wanaeleza kwamba ubongo wa mtoto wa namna hii hupata taabu kuzipambanua sauti za maneno na kuziunganisha na herufi. Na mara nyingi jambo hilo hurithiwa. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, pengine hatakosea sana, bali atasoma polepole mno, silabi kwa silabi, na mwalimu atadhani anafanya makusudi.

Linalotuhuzunisha zaidi ni moyo wake. Mtoto huyu huanza shule na furaha kama wenziwe. Kisha huamriwa kusoma kwa sauti, akachekwa, huitwa mjinga, huchapwa. Mmoja hunyamaza na kujitenga. Mwingine hugeuka mgomvi, maana kwake ni afadhali aitwe mtundu kuliko mjinga. Wa tatu hutoroka kwenda pwani. Nasi watu wazima husema ana tabia mbaya, ilhali tabia hiyo tumeifinyanga wenyewe.

Kanuni za mwaka 2002 ziliweka mpaka wa viboko vinne, navyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kushindwa kusoma si kosa la nidhamu.

Walimu hawana budi kumfundisha sauti moja moja kwa kurudia, kumwongezea muda, na kutomsomesha mbele ya darasa pasipo kumwandaa. Upimaji wa darasa la pili utumike kumtambua mapema ili asaidiwe. Nyumbani asifiwe kwa kazi anayoiweza.

Kila mwanachama na kila mfanyakazi ambaye mtoto wake amechelewa kusoma na aende kwanza kuzungumza na mwalimu, kabla hajanyanyua fimbo.