Nguvu kazi nayo ni bidhaa, tusiiuze kwa bei ya kutupa

Ukurasa huu umezoea kukupa bei za mahindi ya Iringa, viazi vya Njombe na mchele wa Kyela. Wiki hii tunamwomba msomaji aitazame bidhaa nyingine ambayo Nyanda za Juu Kusini zimeisafirisha kwa miaka mingi bila kuiweka kwenye jedwali la bei. Bidhaa hiyo ni nguvu za watu.

Hesabu yake inaanzia Marekani. Miaka ya 1880 kiwanda cha McCormick cha Chicago kilikuwa kikitengeneza mashine za kuvuna ngano na kuifunga miganda kwa kamba. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya. Kadiri mashine hizo zilivyoenea ndivyo kamba ilivyotafutwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, na kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro.

Mkonge ulihitaji watu, na watu walitafutwa huku kwetu. Wabena wa Njombe, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, walikuwa miongoni mwa waliokwenda kwa wingi. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Malipo yalikwenda kwa kipande, yaani siku 30 za kazi zilizotiwa alama kwenye kadi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, ili wasigombanie vibarua na kupandishiana bei. Mfanyabiashara yeyote anajua maana yake: wanunuzi wakiungana, muuzaji aliye peke yake ameumia.

Rungwe hali ilikuwa tofauti kidogo. Wanyakyusa walikuwa na dhahabu ya Lupa karibu, na baadaye kahawa milimani na mpunga kando ya ziwa. Waliotaka mshahara mnono zaidi walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba, au wakaandikishwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Mwenye kahawa shambani hakumkimbilia wakala wa mkonge. Mkulima asiye na zao la kuuza alijiuza mwenyewe.

Wapo watakaosema Marekani nayo ilijengwa kwa vibarua wa bei rahisi. Ni kweli, na tusiipake rangi. Mei 1886 mgomo wa kudai saa nane za kazi uliishia kwa damu mjini Chicago, na kwanza ilimwagika mlangoni pa kiwanda kile kile cha McCormick. Lakini mwaka 1885 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia waajiri kuingiza vibarua waliokwisha kufungwa na mikataba ng'ambo. Mhamiaji aliweza kumwacha bosi mmoja akamfuata mwingine. Alileta mke, akapanga chumba, akanunua mkate, viatu na samani mtaani pake. Mshahara wake ulirudi sokoni palepale.

Manamba alikula posho ya shamba, akalala kambini, na wengi waliacha wake na watoto nyumbani. Alirudi na blanketi, kanga na fedha ya kodi. Duka la Njombe liliambulia makombo, na shamba la nyumbani lilikosa mikono msimu wa kulima.

Baada ya Uhuru wa 1961 Serikali iliufunga mlango wa Wenela. Kima cha chini cha mshahara kilipopanda, mashamba ya mkonge yalipunguza watu. Mavuno yalifika kilele cha tani kama 230,000 mwaka 1964, kisha kamba za nailoni zikaangusha bei. Biashara iliyosimama juu ya jasho la bei ya chini haikuwa na mto wa kuegemea.

Je, tumejifunza? Mabinti wa Iringa bado wanapanda mabasi kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, na vijana wa Mbeya wanakwenda kubangaiza huko huko. Hatuwalaumu, wanafuata soko. Tunawalaumu wenye mitaji wanaotazama magogo ya Mafinga, parachichi za Rungwe na viazi vya Njombe, wakajenga maghala ya kupakilia tu.

Ushauri wetu kwa mwekezaji mdogo ni huu. Kabla ya kutoa fedha yako kwenye mradi, uliza mambo mawili: zao litasindikwa wapi, na mshahara utatumika wapi? Jibu likiwa ni mbali, faida nayo itakuwa mbali. Kiwanda cha chai Mufindi au cha miwati Njombe humlipa mtu anayelala kwake, na mtu huyo kesho ni mteja wa duka lako. Anayetaka vibarua wa bure asishangae kukosa wanunuzi.