Besi ya bei nafuu: shingo kwanza, chapa baadaye

Mnunuzi wa Lukenya, huko Ukambani nchini Kenya, anayetafuta gitaa la besi la umeme kwa bei nafuu, yaani gitaa lenye nyuzi nne nene ambazo mtetemo wake hunaswa na sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, aghalabu hufunga safari hadi madukani Nairobi au hununua la mtumba, na kwa vyovyote vile linalostahili kukaguliwa mwanzo ni shingo wala si chapa. Shingo iliyopinda mbele huinua nyuzi mbali na vidole, na kasoro hiyo hurekebishwa kwa kukaza fimbo ya chuma iliyofichwa ndani yake. Iliyojisokota, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, iachwe dukani.

Urefu wa nyuzi nao ni muhimu: kipimo cha sentimita 86 hivi, kilichoenezwa na kampuni ya magitaa ya Fender kuanzia mwaka 1951, huwachosha wanaoanza wenye mikono midogo, ambao wangefaidika zaidi na besi fupi ya sentimita 76. Ukambani, ambako muziki wa gitaa wa benga wa Kakai Kilonzo na bendi yake, Les Kilimambogo Brothers, uliipa besi kazi ya kukimbia sambamba na ngoma, chombo kisichoshika sauti hakifai kabisa.

Bajeti iache pia fungu la amplifaya ya besi, yaani kikuza sauti chenye spika inayostahimili sauti nzito, kwa kuwa spika ndogo ya gitaa la kawaida ikifunguliwa sana huweza kuharibika.